Magunia Mawili

Darubini ya kioo, inchi kumi na sita:
kilo arobaini, wameandika,
bila kuhesabu kiti chake cha chuma.
Basi nikabeba mchele, magunia mawili ya ishirini,
kila bega na lake,
nikapanda ngazi za darini, hapa Ibra, baada ya isha.

Bi Raya akachungulia dirishani: "Kuna harusi?"
"Hakuna, bibi. Napima nyota."

Ngazi ya kumi na moja, goti likagoma.
Nikakaa. Juu yangu Nge kainua mkia,
na penye mkia, ukungu mwekundu
ambao jicho halioni; kamera huungoja saa tatu
bila kutikiswa, hata na kikohozi.

Mwenzangu Muhenna hushikilia: chukua kubwa, mwanga ni mali.
Kweli. Ila mali isiyopanda ngazi
hulala stoo chini ya turubai,
inakula vumbi la Sharqiya.

Nikaacha gunia moja palepale.
La pili likafika juu, nami nahema kidogo tu.

Asubuhi nikaagiza ya kumi na mbili.
Zuwena hakuuliza bei.
Aliuliza mchele uliomwagika ataokota nani,
na njiwa walishaanza.