Ubao wa Kambo

Bi Time Shaali aliileta imefungwa kanga mbili,
akailaza mezani kwangu kama mgonjwa.
"Umeme ulikatika, ukarudi na hasira zake,
tangu hapo haisemi. Lakini Masoud, usinifutie.
Nakwambia mara ya pili: usinifutie."

Ndani mna madeni ya miaka kumi na mmoja,
madira, mitandio, vitambaa vya sare,
nani kalipa, nani kaapa, nani kafa na deni lake,
katika programu aliyoiandika mwanawe Mbarouk
kabla hajaenda Maskati; na Mbarouk mwenyewe
hakumbuki tena aliiandikaje.

Nikaifungua. Vumbi la Wete likionja chumvi huwa tope.
Mjusi kafiri mmoja, mkavu, kando ya feni.
Kapasita tatu zimevimba vichwa
kama maandazi yaliyozidi hamira.
Ubao mama umekufa.
Ndivyo tunavyouita, mama,
kwa kuwa wote wameshika kwake:
prosesa, kumbukumbu, diski, hata saa.

Diski ilikuwa hai. Nikainakili yote kwanza,
mie si mjinga.
Ubao mwengine nilikuwa nao, wa mashine ya skuli,
kiwanda kingine, kabila jingine.
"Futa, uanze upya," alisema Haji Ngwali
bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiibandika kioo.
"Mfumo uliozoea mama mmoja hauishi na mwengine.
Saa moja tu, umemaliza, unakunywa chai."

Sikumjibu. Nilikuwa na miaka tisa
Bi Mafunda alipoingia nyumbani kwetu Kipangani
na sanduku la bati na cherehani.
Majirani walisema yale yanayosemwa.
Tukamngoja abadilishe kila kitu,
mpaka kamba ya kuanikia.
Aliuliza mambo mawili tu:
huyu mdogo hulala na taa au bila taa,
na chumvi mama yenu akiiweka wapi.
Kisha kila alipoitumia akairudisha palepale,
rafu ya juu, na yeye mfupi,
kila siku akipanda kigoda.

Nikapaka gundi ya joto, kiasi cha punje ya mtama.
Skrubu, waya, waya, skrubu. Nikawasha.
Buluu.
Skrini nzima buluu, na maandishi meupe
ya mtoto anayemlilia asiyemjua.
Haji akakohoa, kikohozi cha mtu aliyekwisha sema.
Ikajizima, ikajiwasha. Buluu tena.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ubao,
chini kabisa, pasipoguswa na watu,
nikauambia: wewe ndiye mgeni.
Sema na diski kwa lugha ya zamani, ile ya polepole,
mpaka ikuzoee.
Panda kigoda.

Kimya. Feni. Kisha vitone vikazunguka,
na maneno: Inaandaa vifaa.
Asilimia kumi. Arubaini. Ikitambua kimoja kimoja,
sauti, mtandao, printa,
kama mtu aliyeamkia nyumba ya watu anapapasa ukuta.
Halafu picha ya Mbarouk, bado mwembamba,
na jalada la MADENI pembeni, mahali pake.

Kona ya chini ilidai leseni, ati haimjui mwenyewe.
Hilo ni la kesho.
Ila saa. Betri ya ubao ilikuwa imekwisha,
na ubao uliamini ni tarehe mosi Januari 2002,
saa sita na dakika nne za usiku.
Mwaka huo chumvi ilikuwa ikiwekwa rafuni
na yule aliyeanza kuiweka.
Haji alikuwa kenda kusali.
Nikaiacha mpaka dakika ya saba.

Kisha nikaisahihisha,
nikampigia Bi Time: njoo, hakijafutika kitu.
Nikampigia na Bi Mafunda,
akashtuka, maana si siku yangu ya kupiga.
Kuna nini?
Hakuna, nikasema. Nauliza tu kama umekula.