Zizi la Kabaila

Mchora ramani aliletwa toka Vienna
hadi uwanda huu wa Hungaria,
akapima upana wa farasi, si wa mtu.
Nguzo kumi na mbili, marumaru nyekundu,
dari la kuba, madirisha yakapandishwa juu
jua lisimchome farasi jichoni.
Sakafu akaiinamisha kidogo tu,
mkojo ujiendee wenyewe mferejini.

Babu Ambrus, mtunza farasi, alilala ng'ambo ya ua:
chumba cha udongo, familia nne, jiko moja.
Mama alipozaliwa theluji ilifika madirishani.
Babu akamviringisha guniani, akavuka naye usiku,
akamlaza kwenye nyasi kavu
chini ya pumzi za jike aliyeitwa Szellő.
"Pale ndipo nilipopata joto,"
husema mama, kama anayetaja hospitali.

Siku hizi ni ukumbi wa harusi.
Leo anaolewa Piroska wangu.
Kizingiti kimelika kwa kwato,
viatu vyake virefu vinayumba.

Mjomba Vendel amemwaga divai.
Tunaitazama: haisiti, haiulizi,
inashika njia yake ya zamani kuelekea mferejini.
Mama anainua pindo la gauni,
anaipisha.