Soli za Mheshimiwa

Mimi ni fundi viatu, habari za siasa waulize wengine.
Banda langu liko Greenock, chini ya daraja la reli,
mlango wa tatu baada ya muuza samaki,
mahali ambapo mvua hainyeshi: imepanga chumba.

Miaka ishirini na sita nimeishika miguu ya Ishbel Galbraith
bila kuigusa.
Saizi tano, ngozi nyeusi, kisigino kifupi.
Wenzangu walimjua kwa sauti, kwa picha ya maktaba,
kwa ahadi.
Mimi nilimsoma chini.
Baba, kule Barawa, alinifunza nikiwa bado nachota nta kwa kidole:
uso hujipaka wanja, soli haijipaki.

Siku ya kwanza aliuliza bei kabla ya salamu,
akaona haya, akanisalimu mara mbili.
Nikamwuliza mbona kiatu cha kushoto kinalika hivi.
Akacheka.
Akasema huko Landani hawaguti ndiyo na siyo mpaka spika achoke,
kura kubwa hupigwa kwa miguu:
kengele inalia, dakika nane,
kulia waendao kuafiki, kushoto waendao kukataa,
mnahesabiwa mlangoni kama mbuzi wa jioni.
"Sisi ni wapinzani," akasema. "Kushoto, kushoto, kila usiku kushoto,
na kila usiku tunashindwa."
Nikamwekea kipande cha chuma kwenye ncha.

Kisha chama chake kikashika serikali.
Sikuhitaji redio.
Soli ya kulia ikaanza kulika.

Ililika kwa shule mpya, ikalika kwa mishahara ya wauguzi,
ikalika pia ile wiki waliyofunga wodi ya wazazi hapa kwetu,
na nilipoigongomea misumari
niligonga kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.
Alisikia. Hakusema kitu.

Halafu mwezi wa vita.
Alileta viatu mapema. Nikavigeuza kwenye mwanga:
kulia hakuna, kushoto hakuna.
Kengele ililia, naye akakaa.
Nikapaka rangi, nikasema leo hulipi.
Akaweka pauni nne juu ya kaunta,
akazisukuma kwa kidole kimoja,
kama mtu anayelipa faini.

Na mimi nina deni kwake, au yeye kwangu, sijui hesabu inakaaje.
Dada yangu, Mana Shamsa, alikuwa Mombasa
katika chumba cha kupanga, akingoja viza.
Mheshimiwa aliandika barua kumi na moja kwa wizara.
Ya kumi na mbili ikajibiwa ndiyo,
siku tisa baada ya mazishi.
Hakumtuma karani. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, hana mwavuli,
akasimama kwenye mkeka wangu akichuruzika,
akalitamka jina la dada yangu polepole, irabu zote,
hakuacha hata moja.

Mwaka huu vijana walisema bibi ameganda kitini,
miaka thelathini na miwili, amekaa mno.
Wakampiga kwa kura mia mbili na kumi na mbili.
Amekaa mno!
Mimi nimetupa soli zake kwa magunia.
Mwanamke yule ametembea mpaka ngozi ikawa karatasi,
na ninavyojua mimi, alikaa siku moja tu,
na siku hiyo ndiyo inayomwamsha usiku.
Hakuniambia. Visigino vina namna yao ya kusema.

Jumatatu amekuja na jozi ileile.
Anataka soli za mpira.
"Za kwendea wapi?"
"Dukani. Kwa daktari." Akatazama nje, treni ikapita juu yetu,
vikopo vya rangi vikatetemeka rafuni. "Sijui bado."

Nikachukua tikiti. Mkono ukaanza wenyewe: *Mh.*
Nikaikata ile *h*, nikaacha, nikachana tikiti,
nikaandika nyingine: *Ishbel. Mpira. Zote mbili.*
Akauliza lini.
Nikamwambia Jumanne, baada ya adhuhuri,
na asiharakishe, hakuna kengele.