Gramu Kumi na Nne

Walinisubirisha miezi mitano,
kisha wakaniuliza, tena kwa adabu, kama nina hakika:
meza ya mtu mmoja?
Mmoja, nikajibu. Sina mwingine wa kumleta,
na hata ningekuwa naye nisingemlipia.

Basi lilinishusha njiapanda, juu ya Zarautz,
katika mvua yao ile isiyonyesha wala kukatika,
kondoo wakinitazama kama nimekuja kudai kodi.
Viatu vipya vilikuwa vinanibana tangu mkutanoni Bilbao.

Garazi (jina lilikuwa kifuani pake)
aliondoa kisu cha pili, glasi ya pili,
kitambaa cha pili akakibeba kwa mikono miwili
kama anayemhamisha mtoto aliyelala.
Kiti alikiacha. Nikakalisha mkoba wangu hapo.

Sahani ya kwanza: kokoto jeusi,
juu yake jani, juu ya jani tone.
"Bahari," akasema.
Nikalitia mdomoni. Kweli, bahari. Ikapita.
Ya pili, moshi chini ya kifuniko cha kioo.
Nikafunua, nikanusa, nikangoja chakula;
kumbe ndicho chenyewe.
Ya tatu, kipande cha samaki.
Gramu kumi na nne. Jicho langu halikosei.
Nikatoa daftari, nikaandika: 14.

Hapo mambo yakabadilika.

Mlango wa jikoni ulifunguka upenyo,
jicho likachungulia, likaondoka, likaja jingine.
Chembe za mkate zikafagiwa kwa brashi ya fedha.
Niliangusha uma, na kabla haujatulia sakafuni
mwenzake alikuwa mezani, ana joto la kufutwa.
Mume na mke wa meza ya jirani
waliita mvinyo mara tatu wasisikike;
mimi nikikohoa tu, watu wawili wanawasili.
Sijawahi kutumikiwa hivyo,
hata siku ya harusi yangu.
Hasa siku ya harusi yangu.

Sahani ya kumi na moja, mkono wa Garazi ukatetemeka.
Mchuzi uliruka, tone moja,
likatua kwenye weupe wa meza.
Akalitazama
kama anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

Ndipo akatoka mpishi mwenyewe, Beñat,
aproni imenyooka, kovu la moto kiganjani.
Kiingereza chake na changu vilikutana njiani,
vyote vikichechemea.
"Bibi ni mkaguzi?"
Ndiyo, nikasema. Maana ndivyo nilivyo.
Hata masufuria yakanyamaza.
"Mkaguzi wa mizani," nikaongeza. "Shinyanga.
Nakagua mizani ya pamba, ya mchele,
na ya wauza nyama wanaobandika sumaku kwa chini."

Ilichukua muda kumfikia.
Ilipofika, alijitupa kitini, juu ya mkoba wangu,
akacheka mpaka aproni ikakunjamana,
akaomba daftari. 14. 9. 22. 6.
"Kumi na nne!" akapaza sauti kuelekea jikoni,
akafuatisha kwa lugha yao jambo nisilolijua,
na kule ndani mtu akapiga kijiko juu ya chuma.

Sahani zilizobaki zililetwa na mikono ya kawaida.
Moja Garazi alisahau kuieleza,
nami sijui mpaka leo nilikula nini.
Kisha akaleta isiyokuwamo kwenye orodha:
bakuli lenye ufa ukingoni,
maharage meusi, mazito, kabichi pembeni,
chakula chao wenyewe cha saa tano usiku.
"Hii haina maelezo," akasema,
akasimama palepale, mkono kiunoni,
kuhakikisha nakula.

Nikala. Nikaongezwa. Nikapangusa bakuli kwa mkate.

Basi la mwisho lilikuwa limekwisha kupita.
Nilishuka mlima, viatu mkononi, lami imelowa,
na kwenye daftari, mstari wa kumi na sita
hauna namba.
Una doa tu.