Ukurasa wa Thelathini na Moja

Oda ililetwa Jumanne, mvua ikipiga mabati ya River Road:
beji elfu mbili na mia nane,
kijani za wajumbe wa wadi,
samawati za kaunti,
na dhahabu. "Hizi usiandike wadi," alisema Bwana Nderi,
akikung'uta mwavuli juu ya karatasi zangu.
Dhahabu, mia saba na arobaini.

Nikauliza, hawa wanatoka wapi?
Akacheka puani.
"Makao makuu, mama. Wanatoka makao makuu."

Jumapili iliyotangulia nilikuwa Kayole,
uwanja wa shule, matope hadi vifundoni,
tumepanga mlolongo nyuma ya Nasambu muuza makaa
kwa kuwa alisema mbele ya watu:
nikifika Kasarani kura yangu ni ya Injinia,
nikigeuka, msinunue kwangu hata kopo moja.
Tulihesabiwa kwa kuguswa bega.
Bega langu lilikuwa la mia nne na tisa.
Mjamzito mmoja alihesabiwa ameketi juu ya ndoo,
akasema, andikeni mmoja,
huyu mwingine bado hajajiunga na chama.

Mabega elfu moja mia moja na sita
yakazaa beji moja ya kijani.
Niliichapa mwenyewe, saa tano usiku,
NASAMBU WEKULO,
nikaipitisha mara mbili kwenye mashine ya plastiki
isije ikaingia maji.

Kisha dhahabu.
Shemeji wa mweka hazina.
Dereva wa mwenyekiti, na mke wa dereva.
Kijana ambaye anwani yake ni sanduku la posta la chama.
Hakuna aliyewagusa bega.
Nikaweka ya Nasambu kiganja hiki, ya dereva kile,
nikafumba macho:
uzani ule ule.

Msidhani waliiba.
Laiti wangeiba! Mwizi hupigiwa kelele,
mwizi hukimbia, huangusha kiatu.
Hawa walikwenda mwendo wa harusi, mchana kweupe,
wakitia saini kila mlango.
Nasambu aliuliza, pale pale ukumbini.
Akafunguliwa katiba ya chama,
ukurasa wa thelathini na moja, kifungu kidogo cha tano:
Halmashauri Kuu inaweza kuteua wajumbe wengine
kadiri itakavyoona inafaa.

Kadiri itakavyoona inafaa.

Kitabu hicho nilikijalidi mimi.
Nakala elfu tatu, miaka miwili iliyopita,
na ukurasa huo naukumbuka vizuri:
ulikuwa unajikunja pembe,
nami naunyoosha kwa kidole gumba, nakala baada ya nakala,
nikitazama pembe,
si maneno.
Wahenga walisema kuuliza si ujinga.
Hawakutuambia tuulize lini.

Daktari alipita kwa tofauti ya kura mia sita na kumi na mbili.
Toa dhahabu, ufanye hesabu.
Mimi niliifanya, nyuma ya risiti ya wino:
Injinia mbele, kwa mia na ishirini na nane.
Hiyo ni kama dhahabu zote zilikwenda upande mmoja,
na kura ilikuwa ya siri, nani ajuaye?
Huenda shemeji alimpenda Injinia.
Huenda.

Nasambu alirudi na beji yake shingoni,
akauza makaa nayo siku nzima,
hakuna aliyemwambia aivue.
Maji hayakuingia.
Vumbi la makaa ndilo lililoingia, sijui kwa njia gani,
likaketi juu ya jina.

Sasa wanataka toleo jipya la katiba,
nakala elfu tano, jalada gumu.
Rangi ya jalada imebadilika. Nembo imenenepa.
Ukurasa wa thelathini na moja uko vile vile, neno kwa neno;
nimeusoma mara tatu nikiwa nimesimama.
Pembe bado inajikunja.
Safari hii
siinyooshi.