Baki

Vitanda kumi na saba.
Navihesabu kwa tochi ya simu, saa saba usiku,
umeme umekatika tangu magharibi
na Chikongola yote imelala na jasho lake.
Kumi na saba, na watoto kumi na saba,
ila kimoja shuka lake limenyooka
kama la mgonjwa aliyeruhusiwa.
Mwenyewe yuko chini, sakafuni,
kiatu kimoja mguuni, kingine kifuani.

Wiki ya tatu hii.
Asubuhi nikamuuliza: Godoro lina kunguni?
"Halina, mama Somoe. Linanizamisha."

Stendi walimwita Gunia,
maana alilala ndani ya gunia la korosho,
kichwa ndani, miguu nje,
ili teke la kwanza lianzie mbali na macho.
Alikula ming'oko iliyopoa, na maganda yake.
Kabla ya hapo alibangua,
akakaa na wanawake mbele ya moto wa vikaango,
mafuta ya ganda yakamla ncha za vidole.
Pale ofisi ya ustawi afisa alimkandamiza dole kwenye wino,
karatasi ikatoa doa tupu, jeusi, lisilo na mistari.
Akalifuta. Akajaribu lingine.
"Huyu hana alama," akasema,
kama anayerudisha shati dukani.

Shuleni wakataka jina.
"Gunia."
La baba?
Akaitazama kalamu, akautazama ukuta, akanitazama mimi.
Nikasema: Andika Mnali.
Ni la babu yangu, siku hizi halina kazi nyingi.
Lake mwenyewe lilichomoza baadaye, kama jino,
tunaosha sufuria, bila kuulizwa:
"Mimi Shaweji."

Basi Shaweji Mnali, darasa la tatu,
mrefu kuliko dawati lake.
Mwalimu Nandonde akaandika ubaoni:
kumi na saba gawanya kwa tano.
Tatu, akasema. Baki mbili.
Shaweji akainuka. "Nani wabaki?"
Darasa likacheka mpaka chaki ikaanguka.
Mwalimu hakucheka.
"Ni zile zilizokosa kundi.
Ziandike pembeni. Ukizisahau, hesabu yako ni kosa."

Usiku ule nilisikia chini ya kitanda
sauti inanong'ona: tatu, baki mbili. Nne, baki moja.
Nikadhani tumeshinda.

Mnada ukafunguliwa.
Malori yakapanga foleni mpaka barabara ya bandarini,
mji ukanuka vumbi la korosho na pesa,
na kila mwenye mgongo akaitwa.
Jumatatu nikahesabu: vitanda kumi na saba, watoto kumi na sita.
Daftari lake liko juu ya mto, limefunikwa vizuri,
kama vile ndilo lililokuwa linalala kitandani siku zote.

Sikukunja shuka. Wenzangu walisema kunja,
yuko mwingine anasubiri nafasi.
Nikasema kesho. Nikasema kesho siku kumi na moja.

Leo geti limegongwa. Si kwa nguvu,
kwa kucha.
"Siingii," akasema kwenye giza. "Nina hesabu tu.
Tumepakia lori wanne. Wametupa elfu ishirini na tatu.
Kila mtu tano. Baki elfu tatu.
Mkubwa wetu anasema baki ni ya mkubwa."

Nikashika nondo za geti.
Igawanyeni tena, nikamwambia.
Kila mtu mia saba na hamsini.
Akatembeza dole gumba juu ya vidole vyake visivyo na mistari,
mara moja, mara ya pili,
midomo ikicheza.
"Kumbe hata baki inagawanyika."
Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza,
mbwa wa jirani akabweka, akachoka.

"Baki," nikasema.
Sijui alisikia hesabu au ombi.

Niligeuka kutafuta kandambili, nilipotazama tena hakuna mtu.
Geti nimelirudisha bila komeo,
kosa ambalo mkuu wa kituo ataniandikia barua.

Sasa ni saa kumi na moja, adhana ya kwanza.
Tochi ina chaji kidogo.
Nimeshahesabu vitanda.
Sijainama bado.