Mtandao wa Wageni

Printa haina ugomvi na mtu mwingine.
Simu ya Malkhaz, kabla hajaondoka na lori kwenda Trabzon,
iliiamuru mara moja tu, ikakohoa, ikatoa karatasi.
Kompyuta ya mama mkwe, nzee, feni yake ikivuma kama kinu cha mashine,
nayo inasikilizwa: bili ya chumba namba tatu,
familia kutoka Poland, usiku mbili, kifungua kinywa na jibini.

Yangu tu.
Yangu inaniambia: *Printa haipatikani.*
Na printa iko pale, hatua nne kutoka magotini pangu,
juu ya kabati la shuka,
jicho lake la kijani limenikodolea.

Ilianza Jumanne, umeme ulipokatika Kutaisi nzima.
Tangu hapo nimeizima, nimeiwasha,
nimeizima tena nikahesabu hadi thelathini
kama alivyonielekeza kijana wa dukani kwa simu,
sauti yake ikitafuna kitu.
Nimeifuta kwenye orodha, nikaiandikisha upya.
Nimepakua kiendeshi, megabaiti mia mbili za subira.
Nimebadilisha katriji ambayo haikuwa na kosa.
Jana niliitukana kwa Kimegreli,
lugha ya kwetu Poti,
ili mama mkwe asielewe.

Foleni imefika kurasa kumi na saba,
ukurasa uleule: mtihani wa kemia, darasa la tisa, kesho saa tatu.

Tsiala anapita na shuka kifuani.
"Yangu inachapa," anasema.
Si kwa ubaya. Wala si kwa wema.

Saa tano usiku ndipo nikatazama pale ambapo sikuwa nimetazama,
pembeni chini, kwa maandishi madogo:
kompyuta yake imeunganishwa na *Tsiala*.
Yangu, na *Wageni*.

Miaka sita iliyopita nilifika hapa na sanduku moja,
semina ya walimu, usiku tatu, chumba namba mbili.
Tsiala alinipa kikaratasi chenye neno la siri la wageni,
akanionyesha swichi ya maji moto, akadai pesa kwanza.
Malkhaz akaleta taulo.
Kisha akaleta la pili ambalo sikuliomba.

Kompyuta haikuhudhuria harusi.
Umeme uliporudi ilipapasa gizani
ikashika mkono wa kwanza iliowahi kuujua.

Na mtandao wa wageni una adabu zake:
unakupa dunia nzima, mvua ya Lima, bei ya samaki Tokyo,
ila kitu cha ndani ya nyumba hukigusi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe nilipewa: napiga pasi, nakaanga, nawajibu Wajerumani.
Neno la siri alikuwa nalo Malkhaz,
akaliandika yeye, nami nimegeukia jiko.

Nikabisha mlango. Alikuwa anahesabu vidonge.
"Mama, neno la siri la nyumba ni lipi?"

Akanitazama kama niliyemwuliza uzito wake.
Hakulitamka. Akavaa ndala, akaja, akakalia kiti changu,
akachapa kwa kidole kimoja, polepole,
na mimi sikugeuka upande.

*Mzia*, na tarakimu nne.

Katika nyumba hii simjui Mzia.
Ukutani kuna picha kumi na moja, nimezifuta vumbi zote,
na hakuna Mzia.

Printa ikashtuka. Ya kwanza, ya pili, ya tano,
mtihani ule ule ukimwagika juu ya kabati,
na hakuna aliyeizuia.
"Karatasi zinapotea," alisema, lakini hakuondoka.
Aliziokota zingali na joto, akazigonga kingo zilingane,
akavaa miwani.

"Swali la tatu. *Kwa nini chuma hushika kutu?*"
Akafikiri.
"Kwa sababu mtu amekiacha nje."

Si jibu la kitabuni.
Nilimpa alama mbili kati ya tatu.